Programu ya kriketi chuoni Mwanza: pichi, nyavu, vifaa na ratiba

Katibu_Michezo

Wakuu, salaam. Niko kwenye kamati ya michezo ya chuo kimoja hapa Mwanza. Mlezi wa wanafunzi anataka andiko la programu ya kriketi ya mwaka mzima wa masomo kabla bajeti haijafungwa.

Hali ya eneo: tuna viwanja viwili vya mpira wa miguu vilivyolala sambamba, magoli yakiangaliana kaskazini na kusini, na katikati yake kuna nafasi ya mita 8 hivi. Upande wa juu udongo ni luseni (wa kichanga), upande wa chini kuelekea ziwani mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) inaanza. Magharibi kuna majabali. Waliojiandikisha ni 41, wasichana 15. Wachache wamewahi kushika gongo la kriketi, wengine wanaijua kwenye TV tu.

Naomba mawazo kuhusu pichi, ule ukanda wa katikati wa kurushia na kupigia mpira (zege au mkeka?), vifaa vya watu 24 wa kuanzia, na ratiba. Pia kuna mjumbe amependekeza tununue nyavu za sangara za inchi 6 zitumike kama neti za mazoezi kwa kuwa zipo tele na bei yake ni nafuu. Inafaa?

Moramu_na_Zege

Mkuu, hiyo nafasi ya katikati ni bahati, usiiache. Pichi ikilala hapo kaskazini–kusini jua halimpigi mpigaji machoni. Mwanza jua linazama karibu magharibi kabisa mwaka mzima, kwa hiyo pichi ya mashariki–magharibi ingewafungia mazoezi kuanzia saa 11 jioni.

Chukua vipimo kwanza. Kila mwisho wa pichi kuna vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji; kijiti cha kati cha upande mmoja hadi cha upande wa pili ni mita 20.12. Pichi ina upana wa mita 3.05. Vijiti vitatu kwa pamoja vina upana wa sentimita 22.86 na kimo cha sentimita 71.1. Mstari wa mpigaji unakaa mita 1.22 mbele ya vijiti. Mpaka wa uwanja unapimwa kutoka katikati ya pichi. Viwanja vyenu vikiwa na ukubwa wa kawaida, 105 kwa 68, mtapata kama mita 70 pembeni na 52 kuelekea magoli. ICC (Baraza la Kimataifa la Kriketi) inataka kwa mechi za kimataifa za wanaume isipungue yadi 65, yaani mita 59.43, na kwa wanawake yadi 55, mita 50.29. Kwa hiyo upande wa magoli mko chini ya kiwango cha wanaume na juu ya kile cha wanawake. Kwa mechi za vyuo hakuna tatizo, lakini liandikwe wazi kwenye andiko.

Ushauri wangu: mwaka wa kwanza wekeni mkeka wa usumba juu ya moramu. Zege ukishamwaga halihami, na ni baada ya kucheza miezi kadhaa ndipo mtajua maji yanapita wapi na nani mwingine anapita hapo.

Msingi uwe mita 24 kwa 3. Upande wa luseni ondoa udongo wa juu sentimita 20 tu. Ukikuta mbuga, chimba sentimita 50 na uutupe wote. Mbuga inavimba masika na kupasuka kiangazi, na itaibeba pichi yoyote utakayoweka juu yake. Kina cha ziada kwenye mbuga jaza moramu ya kawaida na kushindilia. Juu yake weka tabaka la mwisho la moramu la sentimita 15. Hiyo ni karibu mita za ujazo 11 ikishashindiliwa, kwa hiyo agiza 14, yaani tripu mbili za tipa la mita 7. Mwaga kwa matabaka mawili, nyunyiza maji, shindilia kila tabaka peke yake. Watu wengi humwaga yote kwa mkupuo, rola inapita, juu panang'aa na chini ni laini. Wiki ya tatu kunatokea kishimo pale mrushaji anapotua mguu.

Kumalizia, sentimita 3 za udongo wa kichuguu uliochekechwa kwenye wavu wa milimita 5. Ulowanishe, uache ushikane kidogo, kisha pitisha rola polepole. Ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Udongo uliochekechwa unaohitajika ni mita 3 za ujazo.

Mkeka utandikwe umevutwa hasa. Kichwa na mguu wa mkeka vizungushwe kwenye ubao wa mbili kwa mbili, ubao ushikwe kwa vipande vya nondo ya milimita 12 vyenye urefu wa sentimita 45, vichwa vikizama chini ya usawa wa ardhi. Pembeni piga misumari ya inchi 6 kila nusu mita, na chini ya kichwa cha msumari weka kipande cha mpira wa tairi ili usitoboe mkeka. Kupima: simama katikati ya pichi, bana mkeka kwa vidole na uuinue. Ukiinuka zaidi ya sentimita 2, legeza ubao wa mwisho na uvute tena. Mkeka uliolegea hufanya mpira mmoja udunde hadi kifuani na unaofuata upite kwenye vifundo, na anayeanza kujifunza atadhani kosa ni lake.

Baada ya mchezo ukunjwe kwa kuzungushwa kwenye mti, si kupigwa mikunjo kama shuka, na ukae juu ya mbao. Mchwa wa Mwanza hawabishi hodi. Viatu vya njumu za chuma ni marufuku juu yake.

Fundi_wa_Neti

Nijibu hilo la nyavu, maana litawagharimu. Nyavu za sangara za inchi 6 msinunue.

Sababu ni hesabu. Jicho la wavu wa samaki linapimwa likiwa limevutwa, fundo hadi fundo. Inchi 6 za kuvutwa, ukilifungua jicho likawa mraba, kila upande unabaki inchi 3, yaani sentimita 7.6. Mpira wa kriketi wa wanaume una mzingo wa sentimita 22.4 hadi 22.9, kwa hiyo kipenyo chake ni sentimita 7.2 hivi. Mpira utapita, tena ukiwa na kasi yote, uende kwa anayesubiri zamu nyuma. Wa wanawake ni mdogo zaidi, ndiyo kabisa. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki, wanazoita timba, zisiingie hata kwenye mazungumzo: ni haramu ziwani, na mpira unazikata.

Mnachohitaji ni jicho la mraba la sentimita 5. Mkienda kwa mafundi wa nyavu Kirumba au Mwaloni waambieni kwa lugha yao: jicho la inchi 4 likivutwa. Uzi uwe wa kusokotwa, unene usiopungua milimita 2, rangi nyeusi au kijani iliyokolea kwa sababu nyeupe huliwa na jua haraka. Hizi mtasukiwa. Waulizeni kwanza kama watapaka lami au dawa ya kuhifadhi uzi, na mkatae. Lami inachafua mpira na kuunata.

Neti moja iwe na urefu wa mita 20, upana 3.6, kimo 3.6. Urushaji wenyewe unahitaji nafasi zaidi ya hapo, mrushaji wa kasi anakimbia mita 15 au 20 kabla ya kurusha, kwa hiyo msiweke uzio nyuma yake. Nguzo za bomba la chuma la inchi 2, zilizofukiwa sentimita 60 kwenye zege, kila mita 4. Juu pitisha waya wa chuma wenye kikaza, na wavu uning'inie kwa ringi ili uweze kusogezwa pembeni kama pazia. Chini acha sentimita 30 za ziada zilale ardhini. Wavu uliokatwa sawasawa na kimo huinuka upepo wa ziwa ukivuma mchana, na mpira unapita chini yake.

Bei ya kusukiwa itazidi ile ya sangara. Lipeni.

Mlezi_wa_Timu

Nampinga Moramu_na_Zege kidogo. Mkeka ni mzuri kama kuna mtu wa kuulea. Kichuguu kinataka kulowanishwa na kupigwa rola kila wiki, na chuo kisipoajiri mtunza uwanja hiyo kazi itafanywa na wanafunzi kwa wiki nne tu, halafu basi. Kama menejimenti haiwezi kuandika jina la mtu na malipo yake, bora zege lenye kapeti ya nyasi bandia tangu mwanzo.

Zege: mita 25 kwa 2.4, unene sentimita 10, jumla mita 6 za ujazo. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 tayarisheni mifuko 42 ya saruji, mchanga mita 3 za ujazo, kokoto mita 5.5. Kokoto Mwanza siyo shida, ila zile za kugongwa kwa mkono huja na saizi mchanganyiko. Chagua zisizozidi milimita 20. Weka wavu wa BRC (wavu wa nondo) ndani.

Kinachokosewa ni viungo. Fundi wa kawaida atakata zege kila mita 5 na atakuwa amefanya kazi yake vizuri tu, lakini kiungo cha pili kitaangukia mita 7.5 kutoka kwenye vijiti. Hapo ndipo mrushaji wa kasi anayejua kazi analenga, kati ya mita 6 na 8. Mpira ukigonga ukingo wa kiungo unaruka popote, usoni ikiwemo. Mgawieni fundi vipande hivi kuanzia mwisho mmoja: 5.4, 7.1, 7.1, 5.4. Kiungo cha kwanza kinakuwa mita 3 hivi kutoka vijiti, cha katikati mita 10, na eneo la hatari linabaki zege zima. Vipande vya mita 7.1 ni virefu, ndiyo maana BRC si ya hiari.

Mteremko wa sentimita 2 kutoka upande mmoja hadi mwingine unatosha kutoa maji. Mwagilia siku 7, subiri siku 28 ndipo ubandike kapeti. Gundi ikiwekwa juu ya zege bichi inaachia, na kapeti inafanya mapovu.

Mjue pia kwamba kwenye zege mpira unadunda juu kuliko kwenye mkeka. Helmeti kwa kila mpigaji wa mpira mgumu, bila mjadala.

Moramu_na_Zege

Sina ugomvi na viungo hivyo, vimepangwa vizuri. Ila mifuko 42, wavu wa BRC na kapeti ya kuagiza vitameza bajeti ya mwaka wa kwanza na mtabaki na pichi nzuri bila mipira. Mtunza uwanja wa muda, siku mbili kwa wiki, ni nafuu kuliko hivyo vyote.

Dada_Skoa

Mnajenga vizuri, lakini kitakachoiua programu hii ni kalenda. Angalieni mwaka wa chuo jinsi unavyogongana na mvua.

Wanafunzi wanaingia Oktoba au Novemba, vuli inaanza. Wakati ardhi imekauka vizuri, Julai hadi Septemba, wako field au nyumbani. Kwa hiyo mnabaki na madirisha mawili ya mechi: Januari hadi mitihani ya Februari, na Juni kabla ya UE (mitihani ya chuo) ya Julai. Mechi zote za nje pangeni humo. Novemba na Desemba fundisheni kwenye uwanja wa basketi kwa mpira wa tenisi uliozungushwa solotepu ya umeme. Hautaki pedi wala helmeti na unafundisha karibu kila kitu isipokuwa woga. Machi na Aprili, masika ikishika, ingieni darasani muandae waamuzi na waandishi wa alama.

Kuhusu watu 41: andaeni 24 kwa mpira mgumu, waliobaki waendelee na mpira wa solotepu na wapande kila baada ya wiki sita. Wasichana msiwachanganye na wavulana kwenye mpira mmoja. Mpira wa wanaume una gramu 155.9 hadi 163, wa wanawake 140 hadi 151. Ndoo mbili, rangi mbili, la sivyo itachanganyika siku ya kwanza. Wasichana watafuteni kwenye netiboli na kwa waliokua wakicheza rede. Mikono ya rede inalenga shabaha na macho yake hayakimbii mpira, hilo ni nusu ya ulinzi wa uwanja.

Shida yao wote ni moja: wanatupa, hawarushi. Kwenye kriketi mkono ukishafika usawa wa bega, kiwiko hakiruhusiwi kunyooka zaidi ya nyuzi 15. Fundisha kinyumenyume. Kwanza asimame ubavu, mkono wa kurushia umenyooka chini kando ya paja, auzungushe kama gurudumu na kuachia mpira juu kabisa, mita 10 tu. Baada ya hapo hatua moja, kisha tatu, mwisho mbio. Kiwiko kikianza kukunjika mrudishe hatua moja nyuma, usimkemee. Anayeanza na mbio ndefu huja na kasi asiyojua pa kuipeleka, na mwili unaiokoa kwa kukunja mkono.

Hesabu ya neti. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 12 una dakika 120. Toa 25 za kupasha misuli na kupanga. Dakika 95 kwa neti mbili ni 190. Ukigawa kwa watu 24 kila mmoja anapata dakika 8 pungufu, bado hujatoa muda wa kuvaa pedi, na mtu hajifunzi kitu kwa dakika 8. Kwa hiyo kila siku wapige 12 tu, dakika 15 hivi kila mmoja, na aliye zamu inayofuata awe amevaa tayari. Warushaji watano kila neti. Waliobaki wako kwenye kudaka na kutupa, si kukaa. Warushaji wa kasi waishie ova 6 (ova moja ni mipira sita) kwa jioni na wasirushe siku mbili mfululizo. Migongo ya umri huo huvunjika taratibu bila kelele.

Vifaa kwa ufupi: magongo 6 ya mbao ya Kashmir, pedi jozi 6, glavu jozi 6 (mbili ziwe za mkono wa kushoto), seti 2 za mlinda wiketi (anayedaka nyuma ya vijiti), helmeti 6. Kinga ya nyeti ni ya mtu binafsi, kila mmoja anunue yake. Helmeti dai ziwe na alama ya BS 7928:2013, kwa sababu kiwango hicho kinapima kama mpira unaweza kupenya kati ya ukingo wa mbele wa helmeti na nondo za usoni. Zile za zamani zenye nondo za kurekebishwa ndizo zinazopitisha. Mipira: kila T20 (mechi ya ova 20 kwa kila timu) inakula miwili, mmoja kwa kila zamu. Kwa mechi nane ni 16, mazoezi yatakula kama 30. Agiza dazeni nne, ya vipande viwili. Ya vipande vinne inaharibika upesi juu ya mkeka au zege na bei yake iko juu.

Gongo jipya lisipigiwe mpira mgumu siku linapotoka dukani. Paka mafuta ya kitani mara mbili, kidogo, uso na kingo tu, usiguse pale mpini unapoingia. Kisha ligonge kwa nyundo ya mbao, taratibu, jumla ya saa 5 au 6, ukianzia katikati na kumalizia kingo. Na yasilale stoo ya bati jua likiwaka, mbao inakauka na kupasuka.

Katibu_Michezo

Asanteni sana, dada na wakuu. Nimekata nyavu za sangara kwenye andiko. Nabaki na mawili. Menejimenti inauliza "kriketi ina faida gani kwa chuo", na kocha wa mpira wa miguu anasema tunaweka mtego katikati ya viwanja vyake.

Dada_Skoa

Kwa menejimenti weka yanayothibitika. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulichezewa mechi za kimataifa za kufuzu Kombe la Dunia la T20, Septemba 2024. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la 2026, kwa mara ya kwanza. Kriketi inarudi Olimpiki Los Angeles 2028. Ongeza kwamba ziwa hili lina wapinzani: Entebbe kuna uwanja wa kriketi kando ya maji, Kisumu nako wanacheza tangu zamani. Usiahidi safari hizo mwaka wa kwanza, ziweke kwenye mpango wa mwaka wa tatu.

Andika pia klabu itasajiliwa kupitia ofisi ya michezo ya wilaya kwa taratibu za BMT (Baraza la Michezo la Taifa), na kwamba mmewasiliana na Chama cha Kriketi Tanzania kuhusu kozi za makocha na waamuzi. Wasilianeni kweli kabla ya kuandika. Mlezi akipiga simu, andiko linaanguka.

Mlezi_wa_Timu

Kocha ana hoja. Nafasi mita 8, msingi mita 3, inabaki mita 2.5 kila upande hadi mstari wa mpira wa miguu. Mchezaji anayeteleza anafika hapo. Kwa hiyo iwe mkeka au zege, uso wa pichi uwe sawasawa na ardhi ya pembeni, ukingo ufukiwe udongo na kupandwa nyasi, na misumari yote ing'olewe mkeka unapoondolewa. Mtu mmoja ahesabu misumari ikitoka. Wekeni hilo kwa maandishi na kocha asaini.

Siku za mechi anzeni saa 2 asubuhi. Ova 20 zina dakika 85, mapumziko 20, tena 85: saa 5 na dakika 10 mmemaliza, mchana ni wake. Radi ikianza, hesabu sekunde kutoka mwanga hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30 wote watoke, na wasirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mechi iliyokatizwa ihesabike tu kama kila timu imecheza angalau ova 5. Kubalianeni hivyo na wageni kabla ya kurusha shilingi.

Katibu_Michezo

Na majabali ya magharibi? Moja linaingia kama mita 2 ndani ya mpaka.

Moramu_na_Zege

Leta kamba ndani, usilihesabu jabali kama mpaka. Kati ya kamba na kitu chochote kigumu acha mita 3, mlinzi akiukimbilia mpira haangalii mbele. Upande huo mtapoteza mita 5 hivi, itabaki 65, bado ni nyingi. Kamba ya kuzunguka uwanja mzima ni kama mita 390. Nunueni ile nene ya kufungia mitumbwi, nyembamba inazama kwenye nyasi na mwamuzi haioni.